Ubudehe ya Rwanda: ramani ya kijiji ilivyogeuzwa kuwa geti la misaada

Nianze na picha. Kijiji cha Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wamekaa kwenye nyasi, mbele yao kuna kipande cha ardhi kimefagiliwa na wanachora ramani ya kijiji chao hapo chini kwa vijiti, mawe na majani, nyumba ya nani hii, ile ya nani, maji yako wapi, njia inapita wapi, afu wanaijadili kila nyumba, huyu ana shamba, huyu hana, huyu ana ng'ombe, yule anaishi kwa kulima vibarua kwa watu, mpaka kila kaya inapata daraja lake na ramani inahamishiwa kwenye kitambaa ili itunzwe. Hiyo ndo ubudehe, na nimeichagua iwe kisa cha leo maana ndani yake unaona vizuri sana kitu kinachoweza kuipata sera ya hifadhi ya jamii kwenye nchi maskini iliyotoka vitani, jinsi kitu kizuri kinavyobebeshwa kazi ambayo hakikutengenezwa kuifanya.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 1994, ndani ya siku kama 100 tu, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliondoa watu wengi mno, hesabu ya serikali ya Rwanda inasema zaidi ya milioni moja. Afu mwisho wa 1996 wakimbizi zaidi ya milioni wakarudi kwa mkupuo kutoka Zaire na Tanzania, magereza yalikuwa yamefurika watuhumiwa zaidi ya laki moja, kila mahali kuna wajane, kuna watoto wanaolea wadogo zao, kuna vilema wa vita, kuna askari wa jeshi la zamani na wa jeshi jipya ambao wote inabidi warudi uraiani. Sasa wewe ndo serikali, hazina haina kitu, wafadhili wanatoa lakini kwa masharti yao, na unaulizwa unaanza na nani?

Rwanda ilianza na historia ya mtu, yani nini kilimpata. 1997 ikaundwa tume ya kuwarudisha wapiganaji kwenye maisha ya kiraia, na kambi ya Mutobo kule kaskazini ikaja kujulikana sana kwa wale waliokuwa wanarudi kutoka Kongo. 1998 ukaundwa mfuko wa manusura wa mauaji ya kimbari wenye uhitaji, wengi wanaujua kwa kifupi chake FARG, ukatengewa kwa sheria asilimia 5 ya mapato ya ndani ya serikali na baadaye ikapanda kuwa 6. Ulilipa ada za shule, matibabu, ulijenga nyumba. Na mimi naona ilikuwa haki kabisa, mtu aliyeuliwa ukoo mzima na nyumba ikachomwa huwezi kumwambia apange foleni na wengine wote kana kwamba hakuna kilichotokea, deni lile lilikuwa la taifa zima.

Ila kulikuwa na swali ambalo mfuko ule haukuundwa kulijibu. Kwenye kilima hichohicho anaishi mjane mwingine, mume wake yuko gerezani au amefia kambini Kongo, ana watoto watano na shamba la hatua chache, njaa yake haijui kesi ya mume wake. Yeye anaingia wapi? Ukigawa kwa kabila umerudi kulekule kulikoiua nchi, na kabila lilikuwa limeshafutwa kwenye vitambulisho. Ukigawa kwa historia peke yake, huyu wa pili hana mlango. Kwaiyo nchi ilihitaji kipimo ambacho kinauliza jambo moja tu, kaya hii inaishije leo, na kinaweza kusemwa hadharani mbele ya watu ambao bado wanaogopana. Hapo ndo ubudehe ikaja kufaa.

Neno lenyewe ni la Kinyarwanda na ni la zamani, ni ule utaratibu wa majirani kwenda kulimiana mashamba kabla mvua haijafika, wanaanza kwa fulani wanahamia kwa fulani, na asiyeweza kulima analimiwa. Sisi tungeita ujima. Serikali ikalichukua hilo neno ikaanza majaribio mwaka 2001 kwenye mkoa wa Butare wakati ule, afu ikasambaza nchi nzima, Umoja wa Ulaya ukiwa mfadhili mkubwa. Wazo lilikuwa jepesi kueleza, wanakijiji wachore ramani, wajitambue wenyewe nani ana hali gani, wataje shida kubwa kuliko zote, wachague mradi mmoja, na kiasi kidogo cha pesa kiletwe kwenye seli (seli ni ngazi ya utawala inayofuata juu ya kijiji, wao wanaita akagari) waufanye wenyewe. Wengine walinunua mifugo, wengine wakavuta maji, wengine wakajenga madarasa. Mwaka 2008 ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma, na ilistahili.

Madaraja yalikuwa sita na yalikuwa na majina ya lugha ya watu wenyewe. Wa chini kabisa aliitwa umutindi nyakujya, fukara asiye na chochote, hana ardhi, hana mfugo, hana pa kulala, anaishi kwa kuomba. Anafuata umutindi, naye hana ardhi ila ana nguvu za kufanyia watu kazi. Umukene ana kishamba na nyumba, anakula lakini hana akiba. Umukene wifashije ni maskini anayejikongoja, ana mifugo kidogo na watoto wanasoma. Umukungu ana shamba la kutosha na chakula kipo, na umukire ndo tajiri, ana mali na benki inamkopesha. Angalia jinsi mpangilio huo ulivyo wa watu wanaojuana. Hakuna mtaalamu wa mjini anayekaa na fomu akahesabu sufuria zako, jirani ndo anasema, na jirani anajua kwamba ile ng'ombe uliyofunga uani ni ya shemeji yako.

Muda uleule kwenye nyasi zilezile kulikuwa na gacaca pia, mahakama za vijiji zilizoanza kwa majaribio 2002, zikaenea nchi nzima 2005 na kufungwa 2012. Naomba hili lisipite haraka. Watu walewale wanaokaa leo kusema kaya ya fulani ni maskini, wiki nyingine wamekaa kusikiliza fulani huyo anatuhumiwa kuua au kupora. Kuna watu kwenye mkutano ule hawawezi kunyoosha mkono kumpinga mtu fulani, na kuna watu ambao kila wakisema kitu kinasikika kama kisasi. Waliotunga sera walizungumzia sana jamii kujiamulia, ila jamii iliyojeruhiwa haijiamulii kwa usawa, mwenye sauti anasikika na asiye na sauti anaandikwa. Hata hivyo mradi uliokuwa mezani ulikuwa ni mmoja wa pamoja, ukiwekwa daraja la 2 au la 3 hupotezi kitu kikubwa, kwaiyo uongo haukuwa na faida na ugomvi haukuwa na sababu ya kuwa mkali. Hii ndo point yangu yote ya uchambuzi huu, ramani ilisema ukweli kwa sababu ukweli haukuwa na gharama.

Mambo yalianza kubadilika 2008. Mwaka huo serikali ikaanzisha VUP, programu yake kubwa ya hifadhi ya jamii, ikaanza na sekta 30 maskini zaidi (sekta ni ngazi ya utawala iliyo juu ya seli na chini ya wilaya), moja kila wilaya, na miaka ikaenda mpaka ikafika sekta zote 416. Ilikuwa na milango mitatu. Ruzuku ya moja kwa moja kwa kaya ambazo hazina mtu mzima anayeweza kufanya kazi. Kazi za umma kwa kaya zenye nguvu kazi, wanachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, wanatengeneza barabara za vijijini, wanalipwa ujira. Na mikopo midogo. Ili uingie kwenye hiyo milango miwili ya kwanza ulitakiwa uwe kwenye madaraja mawili ya chini ya ubudehe na ardhi yako isizidi robo hekta. Unaona kilichotokea? Kitambaa cha ramani kimekuwa tiketi.

Na haikuishia hapo. 2011 bima ya afya ya jamii, ile wanayoiita mutuelle, ikaacha mchango wa faranga 1,000 kwa kila mtu ikaweka viwango kwa madaraja, wa chini 2,000 wanalipiwa, wa kati 3,000, wa juu 7,000. Baadaye kidogo ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu nao ukafungwa kwenye madaraja hayohayo, vijana wakaanza kuhangaika kukata rufaa kwamba kwetu tumeandikwa vibaya. Wizara baada ya wizara, shirika baada ya shirika, kila mwenye kitu cha kugawa aliona pale kuna listi ya nchi nzima, iko tayari, haimgharimu, akaichukua. Siwalaumu sana, nchi yenye bajeti finyu haiwezi kila programu ikafanye sensa yake. Lakini daraja moja lililopatikana kwa maongezi ya siku moja kwenye nyasi sasa linaamua kama mama atakula, kama mtoto atatibiwa na kama kijana atasoma chuo, yote matatu kwa mpigo.

Tuweke kaya moja ya mfano ili ionekane. Bibi wa miaka 70, analea wajukuu watatu, mkubwa ana 17. Yuko daraja la chini, hana mtu mzima wa kufanya kazi, kwaiyo anapata ruzuku ya moja kwa moja, ambayo ilikuwa kati ya faranga 7,500 kwa mwezi kwa mtu anayeishi peke yake na 21,000 kwa kaya ya watu watano na kuendelea, na viwango hivyo vilikaa miaka mingi bila kusogea wakati bei za vitu zinasogea. Pesa inapita kwenye SACCO ya sekta (zilianzishwa 2009 na kwa kweli ni moja ya vitu vilivyofanya malipo yafike karibu na watu). Mutuelle amelipiwa. Mambo yanaenda.

Mjukuu anatimiza miaka 18. Kwenye karatasi kaya imepata nguvu kazi. Ruzuku inasimama na wanahamishiwa kwenye kazi za umma, sasa kazi za umma zipo miezi mingine na miezi mingine hazipo, na ujira kuchelewa ni lalamiko lililosikika tangu mwanzo wa programu. Kijana yuko shule ya sekondari, aache? Akiacha analipwa kwa siku alizochimba, asipoacha bibi hana kitu. Baadaye serikali ililiona tatizo la kaya za namna hii, zenye mtu mmoja wa kufanya kazi na wengi wa kulea, ikaanzisha kazi nyepesi za karibu na nyumbani za mwaka mzima. Ni hatua nzuri na naipongeza, ila ilikuja kuanzia 2016, miaka minane baada ya programu kuanza.

Na kama mwaka unaofuata mkutano wa kijiji ukisema bibi amepata mbuzi wawili na bati jipya, apande daraja? Hapo anapoteza ruzuku, anapoteza bima ya kulipiwa na mjukuu anapoteza nafasi ya ufadhili wa chuo, siku moja. Kwa hesabu hiyo mbuzi wale wawili ni hasara. Mtu mwenye akili timamu atawapeleka kwa jirani usiku.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema wanakijiji wa Rwanda walidanganya madaraja kwa sababu ya tamaa. Walivutwa pande mbili. Wao wanavuta kushuka kwa sababu huko chini ndo kuna huduma. Viongozi wa eneo wanavuta kupanda kwa sababu tangu 2006 wana mikataba ya utendaji, imihigo, meya anasaini mbele ya rais kwamba mwaka huu nitafanya hiki na hiki, kaya kadhaa zitoke kwenye umaskini, asilimia kadhaa wajiunge na bima. Kupandisha kaya kwenye daftari kunaonekana kama kuitoa kwenye umaskini. Yani kipimo kilekile kinatumika kumpa raia msaada na kumpa kiongozi maksi, afu tunategemea kibaki sawa.

Bima ya afya ndo inatoa ushahidi wa kushikika. Mutuelle ilikuwa imefika karibu asilimia 91 ya watu mwaka wa 2010/11, jambo ambalo nchi nyingi tajiri kuliko Rwanda hazijawahi kuligusa. Baada ya michango ya madaraja kuanza iliteremka mpaka kama 73 kufikia 2013/14. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini fanya hesabu ya familia ya watu sita iliyoandikwa umukene, ilikuwa inalipa 6,000 kwa mwaka ikaambiwa 18,000, na lazima kaya nzima ikamilishe ndo mtu mmoja atibiwe. Kati ya umutindi na umukene kule kijijini tofauti mara nyingi ni kishamba cha maharage. Mmoja analipiwa kila kitu, mwenzake anatafuta 18,000. Hiyo ndo shida ya kuchora mstari mahali ambapo karibu watu wote wamesimama pamoja, haijalishi umeuchora kwa uangalifu gani.

2015 wakarekebisha. Majina yakaondolewa kwa sababu watu walisema yanadhalilisha, na kweli, kuitwa umutindi mbele ya watoto wako na ikaandikwa kwenye daftari la serikali si kitu kidogo. Madaraja yakawa manne kwa namba tu. La 1 wasio na nyumba na wasiomudu mahitaji ya msingi, la 2 wenye makazi ila kazi ya uhakika hawana, la 3 wenye ajira na wakulima wanaobakiza cha kuuza, la 4 wafanyabiashara wakubwa na watumishi wa juu. Matokeo, zaidi ya nusu ya kaya zikaangukia la 3, la 1 likawa na asilimia 16 hivi, la 4 nusu asilimia. Sasa nusu ya nchi kwenye kapu moja maana yake ni kwamba mwalimu wa shule na mkulima aliyeuza gunia moja la viazi wako sawa. Malalamiko yakaongezeka, ofisi za sekta zikajaa watu wa rufaa, na mijadala ya redio kila siku ni ubudehe.

Mwaka 2020 yakatangazwa mengine, herufi A mpaka E, na safari hii serikali yenyewe ikasema wazi kwamba huduma zisifungwe tena kwenye madaraja, na E ikawekwa kwa wazee na walemavu wasio na mtu ambao hawatarajiwi kujitoa wenyewe. Hilo la E nalipenda, kukubali kwamba kuna watu ambao huwezi kuwaambia wahitimu kutoka kwenye msaada, bibi wa miaka 80 anahitimu kwenda wapi? Baadaye madaraja yote yakawekwa pembeni, likaja daftari la kidijitali linaloitwa imibereho, taarifa za kaya zinaingizwa, nyumba, ardhi, mifugo, kazi, na mfumo ndo unapanga hali ya kaya na unatakiwa ubadilike kadiri maisha yanavyobadilika.

Mimi ningefanyaje? Kama niko mezani 2008 nikiwa na pesa zilezile, vitu ambavyo havihitaji kumuuliza jirani ningeviondoa kwenye madaraja kabisa. Umri hauhitaji mkutano, mwenye 70 anajulikana na kitambulisho anacho, mpe posho ya uzee ndogo bila kumuuliza mjukuu ana miaka mingapi. Ujauzito na mtoto chini ya miaka miwili vivyo hivyo, na Rwanda yenyewe baadaye ilianzisha ruzuku ya lishe kwa kaya maskini zenye hao. Mchango wa bima ningeubakiza uleule mdogo kwa kila mtu wa kijijini na kuziba pengo kwa kodi. Najua jibu la hazina, pesa hakuna, lakini geti nalo lina gharama yake, rufaa, marudio ya nchi nzima kila baada ya miaka michache, watu asilimia kumi na kitu waliotoka kwenye bima na wakaja hospitali wamechelewa. Halafu ramani ya kwenye nyasi ningeiacha ifanye kazi yake ya mwanzo, kuchagua mradi wa kijiji na kumtambua yule ambaye hakuna karatasi inayomuona.

Maana kuna kitu kwenye ule mkutano ambacho daftari la kidijitali halina na kinaniumiza moyo kikipotea. Kwa kasoro zake zote, bibi yule alikuwa anaweza kusimama akasema hapana, mbuzi si wangu, na watu waliomuona akipewa awafugie wapo hapohapo. Jibu alilipata au alikosa, lakini alimjua aliyemnyima. Sasa hivi akiambiwa mfumo umempanga hivi, anahitaji mtu ofisi ya seli palepale, wa kutembea kwa mguu kumfikia, mwenye ruhusa ya kufungua taarifa zake, kumsomea kwa sauti kilichoandikwa, ardhi kiasi gani, mifugo mingapi, nani anaishi ndani ya nyumba, na kama kimekosewa akirekebishe siku hiyohiyo kabla bibi hajaondoka.